Mchana Kweupe: Hila na Uungwana katika Historia ya Besiboli

Tarehe 17 Septemba 1900, Cincinnati Reds walikuwa ugenini mjini Philadelphia. Nahodha wao, Tommy Corcoran, alikuwa amesimama kando ya besi ya tatu, akiwaelekeza wakimbiaji wake, mara akaanza kuichimbua ardhi kwa njumu za viatu. Hakuchimba sana. Chini ya udongo palikuwa na kisanduku, na ndani ya kisanduku mlitoka waya za umeme zilizopita chini ya nyasi hadi kwenye jengo la wachezaji, nyuma kabisa ya uwanja.

Ndani ya jengo hilo alikuwa akikaa Morgan Murphy, mdakaji wa akiba wa Philadelphia, darubini mkononi. Kazi yake ilikuwa kusoma ishara za vidole ambazo mdakaji wa wageni alimpa mrushaji wake. Akishazisoma, anabonyeza. Pearce Chiles, mchezaji wa Philadelphia aliyewaelekeza wakimbiaji wao, alikuwa na kawaida ya kusimama pale pale kilipozikwa kisanduku, na mtetemo ulioupanda mguu wake ulimwambia ni mpira wa aina gani unakuja, wa kasi au wa kupinda. Neno moja kwa mpigaji, na siri ya wageni imekwisha.

Corcoran alipouanika ufundi ule hadharani, mwamuzi Tim Hurst aliwaamuru watu warudi kwenye mchezo. Hakufuta mechi wala hakumtoa mtu. Kitabu cha sheria hakikusema lolote kuhusu waya chini ya ardhi, kwa sababu waliokiandika hawakuwaza kwamba kuna siku mtu angezizika. Historia ya hila katika besiboli imekwenda hivyo tangu mwanzo: mjanja hutangulia, sheria humfuata ikihema.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo ni haya. Mrushaji husimama mita 18 na ushei kutoka kwa mpigaji na kuvurumisha mpira mgumu, mdogo wa kutosha kushikwa kwa mkono mmoja. Mpigaji ana muda usiofika nusu sekunde kuamua kama atazungusha gongo au atauacha upite. Akiupiga vizuri, anakimbia kuzunguka besi tatu, na akirudi salama nyumbani, pale aliposimama kupiga, timu yake inapata pointi. Njiani wapinzani wanamwinda: wakimgusa kwa mpira akiwa hajakanyaga besi, ametoka. Naye anaruhusiwa kuchopoka kutoka besi moja hadi nyingine bila kusubiri mpira upigwe. Hiyo huitwa kuiba besi. Ni halali, na huandikwa kwenye takwimu za mchezaji kama sifa. Mrushaji anaficha mpira gani atarusha, mkimbiaji anaficha lini atachopoka, mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anaficha ishara zake katikati ya mapaja. Ukiondoa udanganyifu wote, hakuna mchezo unaobaki.

Ndiyo maana swali la mpaka liliwasumbua watu mapema. Mwaka 1845 klabu ya Knickerbocker ya New York, ambayo Alexander Cartwright alikuwa miongoni mwa viongozi wake, iliandika kanuni zake. Ndani ya orodha ile fupi mlikuwa tayari na kosa liitwalo boki: mrushaji akijifanya anarusha ili kumhadaa mkimbiaji, mkimbiaji asitolewe, apewe besi moja bure. Wanachama wa klabu ile walicheza kwa kujiburudisha baada ya kazi, na ushindi haukumwongezea mtu kipato. Hata hivyo walijua kwamba kuna hila isiyovumilika baina ya waungwana.

Mwaka 1869 Cincinnati Red Stockings wakawa timu ya kwanza kuwalipa wachezaji wake waziwazi. Ushindi ukawa mkate, na mkate ukaleta akili mpya. William Cummings, maarufu kwa jina la Candy, alijizoeza kuuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono hadi ukapinda hewani. Wapo wasomi waliosema ni mazingaombwe ya macho, na wapo waliosema kwamba muungwana hapaswi kurusha mpira unaojifanya kwenda huku kumbe unakwenda kule. Leo karibu kila mrushaji wa daraja la juu ana mpira unaopinda, na Cummings aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli mwaka 1939.

Katika miaka ya 1880 mjanja aliyependwa kuliko wote alikuwa Mike Kelly, aliyeitwa King. Alichezea Chicago, na mwaka 1887 aliuzwa Boston kwa dola 10,000, fedha zilizowashangaza watu wa enzi hizo. Wakati huo mechi nyingi zilikuwa na mwamuzi mmoja. Mwamuzi akigeuka kuutazama mpira uliopigwa mbali, Kelly alikatiza katikati ya uwanja, kutoka besi ya kwanza hadi ya tatu bila hata kuisogelea ya pili. Mashabiki walishangilia, mwamuzi alibaki akishuku kitu asichokiona.

Muongo uliofuata ulikuwa wa Baltimore Orioles, mabingwa wa 1894, 1895 na 1896 chini ya kocha Ned Hanlon. John McGraw, mlinzi wao wa besi ya tatu, alisifika kwa kumshika mkimbiaji mkanda wa suruali kwa nyuma pale mwamuzi mmoja alipotazama kwingine. Zama hizo pia walinzi wa besi walikuwa na hila ya kuuangusha makusudi mpira rahisi uliopigwa juu. Wakimbiaji, wakijua mpira ule lazima utadakwa, walikuwa wametulia kwenye besi zao; mpira ukianguka walilazimika kukimbia, na kabla hawajafika wakatolewa wawili kwa mpigo. Katikati ya miaka ya 1890 sheria ikatungwa: katika hali hiyo mwamuzi anamtoa mpigaji papo hapo, mpira udakwe usidakwe. Na kuhusu hila za Kelly na McGraw, dawa ilikuwa macho zaidi. Leo mechi ya kawaida ya ligi kuu ina waamuzi wanne, na za hatua ya mwisho zina sita.

Nyingine zilichekesha kuliko kuudhi. Mwaka 1911, Washington wakicheza na Chicago White Sox, Germany Schaefer alikuwa besi ya kwanza na mwenzake Clyde Milan besi ya tatu. Schaefer akaiba besi ya pili, akitumaini mdakaji atarusha mpira huko ili Milan apate upenyo wa kukimbilia nyumbani. Mdakaji hakurusha. Kwa hiyo Schaefer akakimbia kinyumenyume na kuiba tena besi ya kwanza, apate kujaribu upya! Kocha wa Chicago aliingia uwanjani kulalamika, lakini sheria haikuwa na neno. Neno lilikuja mwaka 1920: mkimbiaji anayerudi nyuma kwa nia ya kuwavuruga wapinzani au kuufanyia mchezo mzaha, ametoka.

Mwaka huo huo wa 1920 ulifuta na mpira wa mate. Warushaji walikuwa wakiupaka mpira mate, tumbaku na mafuta ili uchepuke bila kutabirika. Waliokuwa wakiutegemea, 17 kwa idadi, waliachwa waendelee hadi wastaafu, na wa mwisho wao, Burleigh Grimes, aliondoka mwaka 1934. Marufuku haikuumaliza. Mrushaji Gaylord Perry aliuchezea kwa miaka mingi, akatoa hata kitabu cha kukiri mwaka 1974 huku angali uwanjani. Aliposhikwa na kutolewa kwa kosa hilo mara ya kwanza, mwaka 1982, alikwisha kushinda mechi zaidi ya 300. Mwaka 1991 naye akaingia katika Jumba la Mashujaa.

Kati ya hila zote, iliyo kongwe na ambayo bado ni halali ni ya mpira wa kufichwa. Mlinzi wa besi anabaki na mpira ndani ya glavu akijifanya amekwisha kumrudishia mrushaji. Mkimbiaji anainua mguu kutoka besi, naye anaguswa. Katika Fainali za Dunia, yaani fainali za ligi kuu ya Marekani, imefanikiwa mara moja tu, mwaka 1907, pale Bill Coughlin wa Detroit alipomnasa Jimmy Slagle wa Chicago Cubs. Sheria haikuifuta, ila iliiwekea sharti: mrushaji asiye na mpira haruhusiwi kukanyaga kibao cha kurushia. Akikikanyaga, ni boki. Maana yake mkimbiaji amepewa alama ya kumwokoa. Akimwona mrushaji yuko mbali na kibao, ajue mpira uko kwingine, agande kwenye besi yake. Asipotazama, kosa ni lake.

Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo lote. Hila ambazo besiboli imezikumbatia zinamwachia anayedanganywa nafasi ya kuujua ukweli kwa macho yake mwenyewe. Tatu zinatosha kuonyesha.

Oktoba 1972, mechi ya tatu ya fainali, Oakland dhidi ya Cincinnati. Kipindi cha nane, Cincinnati wanaongoza 1–0 na wana wakimbiaji besi ya pili na ya tatu. Mpigaji ni Johnny Bench, mmoja wa waliotisha zaidi enzi hizo, na anabakiza mpira mmoja tu mzuri ili atolewe. Kocha Dick Williams anatembea hadi kwa mrushaji Rollie Fingers, anaelekeza mkono besi ya kwanza, kila mtu anaelewa: Bench apewe besi bure, balaa lisogezwe. Mdakaji Gene Tenace anasimama wima na kunyoosha mkono pembeni ili mpira urushwe mbali na mpigaji, kama ada. Fingers anapoanza kurusha, Tenace anachuchumaa ghafla nyuma ya mpigaji na mpira unapita ndani ya eneo halali. Bench alibaki ameduwaa na gongo lake begani. Cincinnati walishinda mechi ile kwa pointi yao moja, lakini kinachosimuliwa hadi leo ni ule mpira.

Juni 1982, mjini Omaha, mashindano ya vyuo vikuu. Miami wanakutana na Wichita State, ambao mkimbiaji wao Phil Stephenson alikuwa ameiba besi zaidi ya 80 msimu huo. Kwa mwendo wa kawaida hakuna aliyemweza, basi Miami wakamtungia mchezo wa kuigiza. Mrushaji Mike Kasprzak alishuka kwenye kibao, ili isiwe boki, akatupa mkono mtupu kuelekea besi ya kwanza. Mlinzi Steve Lusby akajirusha chini kama aliyepitwa na mpira. Wenzao wakapiga kelele na kuonyesha vidole kando ya uwanja, wengine wakakimbia kuutafuta mpira ambao haukuwepo. Hata wasichana waokota magongo waliigiza. Stephenson akatimka kwenda besi ya pili, na huko akakuta mpira unamngoja, kwa kuwa Kasprzak alikuwa nao kwenye glavu muda wote. Miami walishinda 4–3, na siku chache baadaye wakaifunga Wichita State tena na kuutwaa ubingwa.

Na tarehe 27 Oktoba 1991, mechi ya saba ya fainali mjini Minneapolis, Twins na Atlanta Braves wakiwa sare bila pointi katika kipindi cha nane. Lonnie Smith wa Atlanta alianza kukimbia kutoka besi ya kwanza mrushaji aliporusha, na nyuma yake Terry Pendleton akaupiga mpira mbali hadi ukutani. Smith alitakiwa kufika nyumbani. Lakini Chuck Knoblauch aliigiza anaokota mpira chini na kumpasia Greg Gagne, naye Gagne akajifanya anaupokea. Smith akasitasita besi ya pili, akaishia ya tatu. Mwenyewe alisema baadaye kwamba hakudanganywa na maigizo, ila aliupoteza mpira machoni. Hata hivyo pointi haikupatikana. Jack Morris alirusha vipindi vyote kumi, na Twins wakatwaa ubingwa kwa 1–0. Smith hakumshitaki mtu. Angemshitaki nani, na kwa lipi? Mpira ulikuwa angani mbele ya umati mzima.

Sasa linganisha na kiazi.

Dave Bresnahan alikuwa mdakaji wa akiba wa Williamsport Bills, timu ya ligi ndogo huko Pennsylvania, na kiwango chake cha kupiga hakikufika hata .150, yaani mipigo 15 iliyofanikiwa kati ya 100. Tarehe 31 Agosti 1987, timu ikiwa karibu na mkia na msimu ukielekea mwisho, wakicheza na Reading, alimwambia mwamuzi kwamba glavu yake imeharibika, akaenda kuchukua nyingine. Ndani ya hiyo nyingine mlikuwa na kiazi kilichomenywa na kuchongwa mviringo. Mkimbiaji alikuwa besi ya tatu. Bresnahan aliudaka mpira wa mrushaji, kisha akakirusha kiazi kwa nguvu juu ya kichwa cha mlinzi wa besi ya tatu. Mkimbiaji, akidhani mpira umepotea, akaja nyumbani taratibu, akamkuta Bresnahan anamgusa kwa mpira halisi.

Mwamuzi hakucheka, aliwapa Reading pointi yao. Kocha alimtoa Bresnahan na kumtoza dola 50, naye akapeleka viazi ofisini kwa kocha. Siku ya pili Cleveland, klabu mama ya timu hiyo, wakamfukuza kazi. Mwaka uliofuata mji ulimwita arudi, ukaistaafisha jezi yake namba 59, na shabiki aliyefika na dola moja na kiazi aliingia kutazama. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa hana cha kupata: mechi ilikuwa haina maana na kazi yake ilikuwa ukingoni. Lakini mwamuzi alikuwa sahihi. Mkimbiaji angetumbua macho kiasi gani ndipo ajue kwamba kile kilichoruka si mpira? Bresnahan hakumshinda kwa akili. Aliubadilisha mchezo wenyewe katikati ya safari.

Ng'ambo ya mto kutoka Williamsport hufanyika kila mwaka fainali za dunia za besiboli ya watoto, na huko hila ya watu wazima imewahi kuwaumiza watoto. Mwaka 2001 timu ya Bronx, New York, ilishika nafasi ya tatu ikiongozwa na mrushaji mdogo asiyepigika, hadi ilipobainika kwamba ana miaka 14 wakati kikomo kilikuwa 12 na cheti chake cha kuzaliwa kilighushiwa. Matokeo yote yakafutwa. Miaka kumi baadaye, timu ya watoto wa Kampala ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kufuzu, lakini Marekani iliwanyima viza kwa hoja ya hitilafu katika hati zao za umri. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walifika, wakaifunga timu ya Gresham, Oregon, 3–2. Hao wa Lugazi hawakuhitaji hila yoyote.

Kuna aina ya tatu ya hila, nayo ndiyo inayogawanya watu zaidi: kumdanganya mwamuzi. Septemba 2010, Derek Jeter wa New York Yankees, nahodha aliyesifika kwa nidhamu, alirushiwa mpira uliogonga kitako cha gongo lake. Aliruka, akaushika mkono, akajikunja kwa maumivu, na mwamuzi akampa besi ya kwanza. Mpigaji aliyefuata akauvusha mpira nje ya uzio, Yankees wakaongoza, ingawa Tampa Bay walishinda mwishoni 4–3. Joe Maddon, kocha wa Tampa Bay, alilalamika hadi akatolewa uwanjani. Baadaye alisema angependa wachezaji wake wafanye vivyo hivyo.

Miezi mitatu kabla, mwezi Juni, Armando Galarraga wa Detroit alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo na kubakiza mmoja tu kutimiza mechi kamilifu. Wa 27 alitolewa waziwazi, lakini mwamuzi Jim Joyce alisema yuko salama. Galarraga alitabasamu, akarudi kurusha. Joyce alipoona picha alikiri kosa lake mbele ya dunia na kumwomba radhi, na siku iliyofuata Galarraga ndiye aliyempelekea karatasi ya majina ya timu kabla ya mechi, wakapeana mikono huku Joyce akifuta machozi. Toka 2014 uamuzi wa namna hii hupitiwa upya kwa video. Laiti ingekuwapo mwaka 2010, ingemrudishia Galarraga rekodi yake, na ingemnyang'anya Jeter besi ile.

Lakini mashine hiyo hiyo ya kuona mbali ndiyo iliyozaa aibu kubwa zaidi. Kile kisanduku cha Philadelphia kilikuwa na watoto na wajukuu. Mwaka 1951 New York Giants chini ya Leo Durocher waliwafikia Brooklyn Dodgers, waliokuwa wamewaacha kwa mechi 13 mwezi Agosti, na wakawapiku tarehe 3 Oktoba kwa mpigo wa Bobby Thomson ambao Wamarekani wanausimulia mpaka leo. Nusu karne ilipita kabla mwandishi Joshua Prager hajachapisha, mwaka 2001, habari kamili ya darubini iliyowekwa nyuma ya uwanja na kengele ya umeme iliyopeleka ishara za wageni kwa wachezaji. Thomson alikana kwamba aliambiwa mpira ule.

Houston Astros walitumia kamera. Mwaka 2017, mwaka waliotwaa ubingwa, picha za ishara za mdakaji zilionekana kwenye runinga karibu na benchi lao, na mchezaji alipiga pipa la taka kumjulisha mpigaji. Za mwizi ni arobaini: Novemba 2019 mrushaji wao wa zamani, Mike Fiers, alisema hadharani. Januari 2020 ligi iliwatoza dola milioni 5, ikawanyang'anya haki ya kuchagua vijana wa raundi mbili za kwanza kwa miaka miwili, na ikamfungia mwaka mmoja kocha A.J. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow. Wote wawili walifukuzwa siku hiyo hiyo. Wachezaji hawakuadhibiwa, na ubingwa haukufutwa. Tangu 2022 wadakaji wengi huwasiliana na warushaji kwa kifaa cha kielektroniki, na vidole vilivyoibiwa kwa zaidi ya karne vimepumzika.

Mkimbiaji aliye besi ya pili akizisoma ishara kwa macho yake, hakuna sheria inayomzuia hadi leo. Ishara ni zile zile na siri ni ile ile, lakini yeye yuko uwanjani, anaonekana, na anayeibiwa anaweza kubadili ishara zake. Aliyejificha na darubini hayuko mchezoni.

Kwa hiyo hukumu ya miaka zaidi ya 170 ni hii. Ukidanganywa kwa mguu, glavu na uso wa mpinzani, mchana kweupe, jilaumu mwenyewe na umpe mkono. Ukidanganywa kwa waya, kamera, kiazi au cheti bandia, umeibiwa, na una haki ya kudai. Na anayemdanganya mwamuzi, hata akipata besi, ajue amemgeuza adui mtu pekee uwanjani aliyekuja bila timu.